Chupa ya Kelele

Jumapili, 4 Februari

Mwanangu Taratibu,

Barua yako imenifikia Ijumaa. Nimeisoma kwanza nimesimama, halafu nikaisoma tena nimekaa, maana ukisoma umesimama unaruka maneno. Mimi mzima. Goti tu ndilo linalonung'unika, na goti langu unalijua, lilianza kunung'unika kabla hujazaliwa.

Unaniuliza kama nimeudhika kwa kuwa hujanipigia simu. Sijaudhika hata kidogo. Si tulikubaliana wenyewe kwamba simu haitufai tena tangu mdogo wako aondoke? Wewe unasema "halo Mama," mimi nasema "halo mwanangu," halafu tunalia mpaka inakatika. Karatasi ina uvumilivu. Ukitaka kulia unaweka kalamu chini, unalia, unarudi unaikuta palepale.

Haya niambie. Kelele hajambo? Anakula?

Usianze. Najua utaniambia tena kwamba yule si Kelele, ni chembe za ngozi yake tu. Umeshanieleza, na Profesa wako naye alinieleza siku ile nilipotia sahihi: watachukua kipande cha ngozi kwenye mkono wake, kidogo kama punje ya mchele, wakioteshe kwenye chupa, wausome ugonjwa wake, waujaribie dawa. Nilielewa. Sikusoma sana lakini si mjinga. Mwanangu nilimzika, nilikuwepo, udongo niliuona. Lakini kama kuna kitu chochote cha mwanangu ambacho mpaka leo kinahitaji kula, na anayekilisha ni dada yake, basi niache niulize kama kimekula. Nikishauliza hivyo naweza kuvaa viatu nikaenda kazini.

Sasa hiyo mashine unayosema wanawaletea, ya kulisha hizo chupa badala ya watu. Inapekua mifuko?

Usicheke. Nakuuliza kwa sababu unakumbuka Bosi alivyotuletea mashine hapa dobini. Inafua vizuri, siisingizii. Lakini juzi mteja alileta koti la baba yake, mfukoni mna meno ya bandia. Mimi ningepekua, kwangu nguo haiingii majini kabla sijaingiza mkono kila mfuko. Siku hiyo sikuwa zamu. Mashine ikafua koti na meno. Yalitoka meupe kuliko yalivyoingia, ila moja halikuonekana tena mpaka leo. Yule mzee alikuja mwenyewe kutugombeza na hatukuelewa neno hata moja, maana hakuwa na meno.

Lakini kama hiyo mashine itakupa Jumamosi na Jumapili zako, basi na ije, nitaipokea kwa vigelegele. Mwaka wa pili huu hujakanyaga nyumbani. Kila nikikuita unaniambia wanakula kila siku Mama, hata sikukuu wanakula. Haya. Na mimi je?

Mama yako

Alhamisi, 15 Februari

Shikamoo Mama,

Imefika. Ilikuja imefungwa nailoni nyeupe toka juu mpaka chini, wanaume wanaisindikiza mbele na nyuma, na Profesa akakataza mtu yeyote asiiguse. Kwa hiyo tumeiita Bibi Harusi.

Inakaa ndani ya chumba cha kioo. Ina mkono mmoja mrefu, unaopinda mahali ambapo mkono wa mtu haupindi. Unafungua kabati la joto, unatoa chupa, unaipiga picha, unafungua kifuniko, unanyonya maji ya zamani, unatia mapya, unafunga, unarudisha. Haupigi chafya. Hauumwi mgongo. Nimesimama nje ya kioo nautazama kama mtu anayetazama jiko la mwenzake.

Haipekui mifuko, Mama. Nilicheka peke yangu kwenye meza ya chakula mpaka wenzangu wakaulizana kama nimechanganyikiwa. Inafanya ilichofundishwa tu, na anayeifundisha ni mimi. Profesa alisema, "Wewe ndiye mwenye mkono mzuri hapa, ifundishe mkono wako." Basi kila nilichokuwa nakifanya bila kufikiri sasa lazima nikifikiri. Maji unayatia pembeni mwa chupa, polepole, yasiwaangukie waliomo. Chupa ikijaa, unawagawa kwenye chupa mbili. Chupa isiyokua, unaitupa, isichukue nafasi ya wengine. Fundi aliyekuja nayo anaandika. Nikisema "inategemea," ananiuliza, "Inategemea nini?" Mara nyingi sijui la kumjibu.

Kelele hajambo. Yuko kabati la joto la zamani, rafu ya chini, nyuma kabisa, chupa yake ileile yenye alama ya kalamu ya bluu. Nilikuambia chembe za ngozi nazo huzeeka. Zinagawanyika, zinagawanyika, halafu zinachoka. Na yeye ndiye wa mwisho, wale tuliokuwa tumewagandisha kwenye baridi tumeshawaamsha wote. Wenzake wanajaza chupa upesi, yeye anajivuta. Kelele huyu, ambaye sauti yake ilikuwa inaingia nyumbani kabla mguu haujafika mlangoni! Siku hizi yeye ndiye Taratibu na mimi ndiye Kelele. Namgombeza kwenye chupa: "Maliza basi, wenzako wameshaondoka mezani."

Lakini anakula. Nikufundishe ninavyojua. Maji ya chakula yakiwa mapya ni mekundu. Aliyemo ndani akila, anayageuza, yanapauka, yanakwenda manjano. Asubuhi nikikuta rangi imegeuka najua kuna mtu humo. Yakibaki mekundu kama nilivyoyatia, hakuna mtu.

Jana yalikuwa manjano kabisa.

Mwanao, Taratibu

Jumapili, 3 Machi

Mwanangu Taratibu,

Manjano kabisa! Nimefurahi mpaka nikampigia hodi Mama Pacha hapo ukutani nimwambie. Akaniambia, "Jirani, mtu anafurahia maji ya manjano? Hayo si mkojo?" Nikamwambia, wewe hujui kitu, hiyo ni sahani iliyorudi tupu. Akatulia. Kwa kila maneno yake kumi, tisa ni ya kukuchekesha, lakini mwenzio akisema kitu cha kweli anatulia.

Nina jambo, na nimelizungukia barua tatu nzima. Sanduku la nguo za mdogo wako bado liko chini ya kitanda chake. Kitanda bado kimetandikwa. Nilisema nitazitoa mwaka ukiisha, mwaka ukaisha. Nikasema nitazitoa mvua zikikatika, zikakatika. Wiki iliyopita nililivuta mpaka katikati ya chumba, nikafungua, nikaona lile shati la mistari liko juu. Nikafunga. Nguo za watu nimezikunja maisha yangu yote, za waliokufa na za waliohama, sikuwahi kushindwa na nguo. Hizi siziwezi peke yangu.

Njoo tuzitoe. Sikuombi ukae. Siku chache tu. Si umesema Bibi Harusi ana mkono? Na ufanye kazi huo mkono, mwali gani huyo wa kutazamwa tu.

Kelele hajambo? Anakula? Mwambie mama anamsalimu.

Mama yako

Alhamisi, 14 Machi

Shikamoo Mama,

Nakuja. Ijumaa tarehe 22 nitakuwa mlangoni kwako, na Jumatano nitaondoka.

Sikuthubutu kuomba. Profesa ndiye aliyesema. Tumemwacha Bibi Harusi alishe wiki nzima peke yake, mimi nimekaa na mikono mfukoni kama mgeni, na kila chupa imekula, hakuna iliyoharibika. Profesa akanitazama akasema, "Wewe mara ya mwisho kulala kwa mama yako ni lini?" Nikaanza kuhesabu kwa vidole. Akasema, "Nenda."

Kelele nimemhamishia kwenye kabati la Bibi Harusi pamoja na wenzake, ili nisipokuwepo alishwe. Nilimuaga. Nilimwambia naenda kutoa nguo zake, kama kuna anayoitaka aseme sasa hivi. Hakusema. Basi shati la mistari ni langu.

Usipike mlima. Nitakula tulichonacho.

Taratibu

Jumapili, 31 Machi

Mwanangu, mwanangu, Taratibu wangu,

Nyumba imekuwa kubwa tena. Jana nimekuta unywele wako kwenye sinki, sikuutoa.

Nimekaa nazikumbuka zile siku kama mtu anayehesabu vyombo vyake baada ya wageni. Ulivyofika Ijumaa umechoka, ukala, ukalala kwenye kiti na kijiko mkononi. Jumamosi ulinisuka, mkono wako bado mwepesi, sikuhisi hata ulipofika kwenye kisogo. Na Jumapili ile. Mimi nilidhani tutalia Jumapili ile. Tulianza kulia, si tulianza? Halafu wewe ukavaa suruali yake ya shule, ikakuishia magotini, ukatembea kama yeye anavyotembea akiwa ameitwa na mwalimu mkuu, mabega juu, "Mimi sijafanya kitu Mama, ni wao." Nikacheka mpaka nikakaa chini. Ukaniambia, "Mama inuka," nikashindwa kuinuka, goti limekataa, wewe unanivuta huku unacheka, Mama Pacha anagonga ukuta, "Nyie, msiba gani huo?" Sijacheka hivyo tangu aondoke. Nilidhani kicheko changu kilikwenda naye.

Na mfuko. Nilikuambia, nguo haitoki hapa kabla sijapekua. Kwenye koti lake la kijivu nimekuta kile kifuniko cha kalamu alichokitafuna. Meno yake yote yanaonekana, hata lile la pembeni lililopinda. Nimekiweka kwenye mfuko wa aproni yangu. Nikiwa napiga pasi nakishika.

Umeondoka na shati la mistari. Livae. Nguo isiyovaliwa inaliwa na wadudu.

Haya niambie, ulimkutaje? Alinuna ulivyomwacha? Anakula?

Mama yako mwenye furaha, Mungu anisamehe

Jumanne, 9 Aprili

Shikamoo Mama,

Nilifika salama. Hajambo. Anakula.

Kazi ni nyingi kidogo. Nitakuandikia vizuri nikipata nafasi.

Taratibu

Jumanne, 16 Aprili

Mwanangu,

Barua yako ilikuwa fupi mpaka nikaitikisa bahasha nikidhani nyingine imebaki ndani.

Unaumwa? Niambie kama unaumwa. Nimekuwa nikiwaza safari, ule upepo wa dirishani, na wewe kifua chako tangu mdogo hakitaki upepo. Au ni mwanamume? Kama ni mwanamume mwema niambie jina lake na kazi yake, kama si mwema niambie anakaa wapi. Au Profesa amekasirika kwamba ulikuja? Nitamwandikia. Nitamwambia mimi ndiye niliyemwita, alaumiwe mama mtu.

Au Bibi Harusi amewachukulia kazi? Mama Pacha anasema mashine zinaanza hivyo, leo zinakusaidia, kesho zinakukabidhi mfuko wako mlangoni. Kama ni hilo, njoo nyumbani. Wewe si wa kukosa kazi.

Nimepiga pasi shuka ya mtu leo nikaiunguza. Sijawahi kuunguza shuka. Ndivyo ninavyokuwaza.

Niambie habari za Kelele kama ulivyokuwa unaniambia. Maji yake yana rangi gani?

Mama

Jumapili, 28 Aprili

Shikamoo Mama,

Siumwi, na mwanamume hakuna. Profesa hajakasirika, kazi bado ninayo. Nachoka tu jioni. Nisamehe kwa kukupa wasiwasi, na pole kwa shuka.

Kelele yuko vizuri. Maji yake ni mekundu, safi kabisa. Kila asubuhi nikifika namtazama yeye kwanza kabla sijavua hata mkoba, na ni mekundu vilevile, hayajabadilika hata kidogo. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi naye, Mama. Wewe angalia goti lako.

Mwanao

Jumapili, 5 Mei

Taratibu,

Kaa chini kwanza ndipo usome.

Siku za mwisho za mdogo wako, wewe ulikuwa kazini kwenu, mimi nilikuwa nampelekea chakula chumbani. Naweka sahani, natoka, namwachia nafasi, maana hakupenda kutazamwa akila kwa mkono unaotetemeka. Nikirudi ananiambia, "Nimekula Mama, nimeshiba." Na sahani iko kama nilivyoiweka. Hata kijiko hakijageuka. Namwambia, "Vizuri baba." Naichukua naipeleka jikoni, nasimama nayo. Tulidanganyana hivyo mimi na yeye mpaka mwisho, na kila mmoja alikuwa anajua. Alikuwa ananihurumia mimi, na mimi namhurumia yeye, na hivyo hatukuwahi kuagana.

Sitaki kufanya hivyo na wewe.

Umeniandikia maji ni mekundu na hayabadiliki. Umeniandikia ili nifurahi. Lakini wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha, mwezi wa pili, barua ninayo hapa mezani. Wiki hii nimeisoma zaidi ya zote.

Hakuna mtu humo ndani, mwanangu. Sivyo?

Sitaki unijibu kwa kunizungukia. Nijibu moja tu. Ilikuwa siku zile ulizokuwa kwangu?

Mama yako

Jumatatu, 13 Mei

Shikamoo Mama,

Ndiyo.

Ilikuwa Jumapili ile.

Nilirudi kazini Alhamisi asubuhi, nikafungua mlango wa chumba cha kioo, nikasikia harufu ya nyumbani. Nakuambia kweli, kabla sijaelewa, nilifurahi. Ni ile dawa ya kutakatishia nguo nyeupe, ile inayobaki kwenye mikono yako hata ukioga. Sisi ndiyo tunayozimwagia chupa tunazotupa, kisibaki kitu hai. Bibi Harusi anamwagia mwenyewe. Nilisimama pale mlangoni nanusa mikono yako. Halafu nikaenda kwenye kabati, nikaona nafasi yake.

Mashine haikukosea. Ilifanya nilichoifundisha. Fundi aliponiuliza chupa isiyokua itupwe lini, nilimjibu kama inavyotakiwa, kwa sababu Profesa alikuwa amesimama pale, na nikaona haya kusema kuna chupa moja ambayo haitupwi. Ningesemaje? Kwamba ni ya mdogo wangu, na mama anauliza? Muda wote huu hiyo sheria mimi sikuifuata kwake. Nilikuwa nafika kwenye chupa yake, mkono wangu unairuka, unaendelea. Sikuwahi kuamua, ni mkono tu. Na nilipoambiwa niifundishe mkono wangu, hilo sikulifundisha, kwa sababu sikujua kwamba ni kitu ninachokifanya. Siku ya kumhamisha niliwaza habari ya kumlisha tu. Nilikuwa na haraka ya kuja kwako.

Uliniuliza kama inapekua mifuko. Nikacheka.

Nikuambie na hili, kwa sababu nimelibeba peke yangu na ni zito. Inapiga picha kabla ya kutupa. Niliitafuta picha yake ya mwisho. Maji yalikuwa manjano, Mama. Alikuwa amekula. Mashine haikuulizwa habari ya rangi, iliulizwa kama amekua.

Profesa alinipa pole. Alikuwa na machozi, sikutegemea.

Sikukuandikia uongo wa rangi. Nisingeweza. Nilichukua chupa mpya, nikaiwekea alama ya kalamu ya bluu, nikaijaza maji ya chakula, nikaiweka rafu ya chini nyuma kabisa. Haina kitu. Naitazama kila asubuhi ili nikikuandikia kwamba ni mekundu iwe ni kweli nimeona. Nilisahau kwamba nilikufundisha.

Nilikuficha kwa sababu wewe ndiye uliyeniita. Nilijua ukipata tarehe utaiweka juu ya tarehe, utafika kwenye ile suruali ya shule na kile kicheko, na utakiacha kicheko hapo hapo. Nilitaka ubaki nacho.

Taratibu

Jumapili, 2 Juni

Mama,

Niandikie. Hata kama ni kunitukana, niandikie. Mama Pacha amenijibu kwenye simu kwamba uko, unakwenda kazini, unarudi, hugongi ukuta.

Taratibu

Jumapili, 30 Juni

Mwanangu Taratibu,

Nilianza kukuandikia mara nyingi. Karatasi niliyoisifu uvumilivu, safari hii ilinishinda.

Nilikuwa na hasira, nisikufiche. Sikujua ni ya nani. Nilikwenda dobini nikaipiga teke mashine ya Bosi, nikajiumiza kidole gumba, na mashine hata haikutikisika. Bosi akaniuliza, "Mama, imekufanya nini?" Nikamwambia haijanifanya kitu, na ndilo linaloniudhi. Akanipa siku mbili nipumzike. Nikapumzikia kwenye kile kitanda.

Nililala juu ya kitanda cha mdogo wako, juu ya shuka niliyoitandika mwenyewe, nikajaribu kutamani usingekuja. Nilijaribu kwa nguvu zangu zote. Nikasema, kama asingekuja, Kelele leo angekuwa anakula. Nikakuondoa mlangoni. Nikakiondoa kijiko mkononi mwako, nikavifumua vile visuko. Lakini nikifika kwenye ile suruali, wewe unatembea mabega juu, siwezi. Nakuona tu, nacheka, nimelala kitandani kwa mtoto wangu nimeziba mdomo nisisikike ukutani, nacheka na kulia. Halafu nikajaribu upande wa pili, kufurahi tu kwamba ulikuja, nishukuru yaishe. Nalo siliwezi. Nimebaki hapo katikati na nadhani ndipo nitakapokaa.

Usiniombe msamaha. Ukiniomba itabidi na mimi nikuombe, maana ndiye niliyeita, na tutakwenda hivyo mpaka kaburini, wewe unaniomba, mimi nakuomba.

Alikuwa amekula. Umefanya vizuri kuniambia. Ulidhani ni zito, na ni zito, lakini mimi ndilo nililolishika. Safari ya kwanza aliondoka na njaa. Safari hii hapana.

Sasa nisikilize. Ile chupa isiyo na mtu, mwaga. Nakuambia kama mama, si ombi. Mimi nimekitazama kitanda kilichotandikwa kila asubuhi kwa muda mrefu, najua kinavyomfanya mtu: unaanza kwa kumkumbuka aliyelala, unaishia kukitunza kitanda. Mwaga hayo maji, osha chupa, mpe mwingine anayekua. Na mimi kitanda nimekifumua leo. Shuka nimeifua kwa mkono, iko kwenye kamba, nikimaliza barua hii naenda kuianua. Mto nimeuhamishia upande wangu. Ukija utalala hapo, na usije kwa sababu ya kazi yoyote. Kazi hakuna iliyobaki humu, sanduku tupu. Njoo tu.

Siachi kukishika kile kifuniko cha kalamu kilichotafunwa. Hicho usiniambie nikiache.

Jambo la mwisho. Mkono wangu umezoea. Kila barua ukifika mahali hapa unaandika wenyewe, siuongozi. Nimeutazama leo nikaona unasimama, hauna wa kumuulizia. Halafu nikazisoma barua zangu za nyuma, ulizoniachia ulipokuja ukisema nikae nazo, mfuko mzima, na kumbe kuna mmoja sijawahi kumuulizia hivyo hata mara moja, na ndiye anayenijibu kila siku.

Taratibu hajambo? Anakula?

Mama yako